Walichanjiana damu, kisha wakanyimana kaburi

  Leo hebu vuta kiti karibu maana safari yetu ni ndefu. Tunavuka bahari hadi mashariki ya mbali, katika nchi ya Ufilipino, kwenye mkoa mmoja wa pwani uitwao Bohol.

Lakini kabla hatujapanda chombo, nina swali moja. Mtu ukishamwita ndugu, undugu huo hupimwa siku gani? Siku ya karamu ama siku ya msiba? Usinijibu bado. Lifunge kibindoni twende nalo.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, na Bohol ni cha kumi kwa ukubwa. Ukitoka mji wa Cebu, ambao ni mkubwa na wenye pilikapilika nyingi, unapanda meli ya abiria, na baada ya muda wa saa mbili hivi unashuka Tagbilaran, makao makuu ya mkoa. Kisiwa kikuu kimezungukwa na visiwa vidogo kama 75. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba mkoa mzima una watu karibu milioni 1.4. Wengi wao ni wakulima wa mpunga na minazi, na wengine ni wavuvi. Wageni nao huja kuogelea na kupunga upepo katika fuo za Panglao.

Sasa tushuke. Kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Tagbilaran, mahali paitwapo Bool, pana sanamu za watu walioketi mezani wakiwa wameinua vikombe. Zilichongwa na Napoleon Abueva, fundi aliyeheshimiwa sana nchini humo. Ukiziona kwa mbali waweza kudhani ni watu walio arusini. La hasha! Vikombe vile vina damu.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi Machi mwaka 1565, meli za Uhispania zilitia nanga katika maji ya Bohol chini ya uongozi wa Miguel López de Legazpi, aliyekuwa ametoka Mexico kuvuka bahari kuu ya Pasifiki. Mabaharia walikuwa na njaa, wakitafuta chakula cha kununua. Lakini kila walipokaribia nchi kavu, wenyeji walikimbilia milimani.

Je, walikimbia nini? Walikuwa wameumwa na nyoka, wakishtuka hata waonapo ung'ongo. Miaka michache kabla ya hapo, Wareno waliokuwa katika visiwa vya Maluku walikuja Bohol wakijidai kuwa ni Wahispania wenye nia njema. Kisha wakawageukia wenyeji, wakaua na kuteka watu. Naam, Wareno hao ndio wale wale tuwajuao sisi, ambao Vasco da Gama wao alifika Mombasa mwaka 1498, na ambao walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Walikuwa na mkono mrefu kweli kweli.

Basi ikambidi Legazpi atume ujumbe kwamba yeye si Mreno na hana ubaya. Mmoja wa watawala wa Bohol, Datu Sikatuna, akakubali kukutana naye. Lakini kwa watu wa Bohol maneno matupu hayakutosha. Ilikuwa sharti wachanjiane. Kila mmoja akajichanja, damu ikakingwa, ikachanganywa na mvinyo katika kikombe, na kila mmoja akanywa damu ya mwenziwe. Kwa lugha ya huko mapatano haya huitwa Sandugo, yaani damu moja.

Nawe msomaji wajua maana ya kuchanjiana. Sio mkataba wa karatasi unaoweza kutiwa moto. Ukishachanjiana na mtu, mamake ni mamako, na msiba wake ni msiba wako.

Wafilipino hawajaisahau siku hiyo. Mwaka 1953 serikali yao ilianzisha nishani iitwayo Sikatuna, ambayo hutunukiwa mabalozi na wageni wengine walioijenga sifa ya urafiki. Aidha, mchoraji wao mashuhuri, Juan Luna, alilichora tukio hilo mwaka 1886, na picha hiyo hutunzwa katika ikulu ya Malacañang mjini Manila.

Nakuomba siku moja uitazame picha hiyo kwa makini. Uso wa Mhispania unauona vizuri. Sikatuna yeye amekupa kisogo. Tena aliyeketi mbele ya mchoraji ili achorwe kama Sikatuna alikuwa José Rizal, daktari na mwandishi wa vitabu. Miaka kumi baada ya picha hiyo, tarehe 30 Desemba 1896, Rizal alipigwa risasi hadharani mjini Manila. Waliomhukumu ni watawala wa Kihispania. Ndiyo kusema yule aliyeigiza ndugu wa damu, damu yake ilimwagwa na ndugu huyo huyo.

Lakini nimeruka mbele. Turudi kisiwani.

Legazpi alipotoka Bohol alikwenda Cebu, na mwaka 1571 akaufanya mji wa Manila kuwa makao yake. Utawala wa Uhispania ukaendelea hadi mwaka 1898, yaani miaka 333. Kule Bohol, mapadre wa shirika la Wajesuiti waliwasili mwaka 1596 na kuanza kazi yao Baclayon, kijiji kilicho ufuoni. Kanisa la mawe unaloliona hapo leo lilikamilika mwaka 1727. Mawe yake ni matumbawe yaliyotolewa baharini, yakachongwa na kupangwa moja juu ya jingine. Wenyeji husimulia kwamba chokaa yake ilikorogwa kwa ute wa mayai mengi mno yasiyohesabika.

Ukisimama mbele ya kanisa kama hilo utavutiwa na uzuri wake. Mimi nakuomba uulize na jambo la pili: mawe hayo yalibebwa na nani? Sheria ya Wahispania iliwataka wanaume wa Kifilipino kufanya kazi ya lazima siku 40 kila mwaka, mbali na kodi. Walikata miti, wakajenga meli, barabara na makanisa. Huyo ndiye ndugu wa damu moja, ameshageuzwa mchukuzi.

Wenyeji walivumilia. Walijaribu kuasi mwaka 1621 wakiongozwa na kuhani wa dini ya jadi aliyeitwa Tamblot, wakashindwa. Mambo yakatulia kwa zaidi ya miaka 100. Kisha ukaja msiba mmoja wa nyumba moja.

Msomaji, hapa ndipo nilipotaka tufike.

Katika mji wa Inabanga, kaskazini mwa kisiwa, aliishi mtu aliyeitwa Francisco Dagohoy. Hakuwa mtu wa kubishana na serikali. Yeye mwenyewe alikuwa kiongozi wa mtaa, mmoja wa wale waliowakusanyia Wahispania kodi. Alikuwa na ndugu yake, Sagarino, ambaye alikuwa askari wa mji.

Mwaka 1744, padre wa Inabanga, Gaspar Morales, alimtuma Sagarino akamkamate mtu mmoja aliyekuwa ameiacha dini. Mtu yule alikataa kukamatwa. Wakapigana, na Sagarino akauawa.

Dagohoy akaichukua maiti ya nduguye akaileta mjini ili izikwe Kikristo. Padre akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ya kanisa haikuruhusu mtu aliyekufa katika pigano la wawili kuzikwa kwa ibada. Husimuliwa kwamba maiti ilikaa siku tatu bila kuzikwa, katika joto lile la pwani, mpaka ikaanza kuharibika. Mwishowe Dagohoy akamzika nduguye kwa mikono yake mwenyewe.

Hebu jiweke mahali pake. Nduguyo hakuwa mlevi aliyekwenda kutafuta ugomvi. Alitumwa! Aliyemtuma ndiye anayekwambia sasa kwamba maiti yake haina haki ya udongo. Ungerudi nyumbani ukalala?

Dagohoy hakulala. Aliacha kulipa kodi, akaacha kazi ya lazima, akawaita watu wa Inabanga na vijiji vya jirani wamfuate milimani. Watu kama 3,000 wakamfuata, wake kwa waume, na watoto mgongoni. Padre mmoja Mjesuiti wa mji wa Jagna aliuawa mapema katika ghasia hizo. Baadaye Padre Morales mwenyewe akauawa. Sisemi haya kwa kufurahia, maana damu haioshi damu. Nayasema ili ujue kwamba jeraha la msiba huchimba chini sana.

Je, uasi huo ulidumu muda gani? Mwezi? Mwaka? Ulidumu miaka 85! Magavana wa Kihispania wapatao 20 waliingia na kutoka mjini Manila, na wote waliliacha jambo hilo bila kulimaliza. Askofu wa Cebu alijaribu kuleta amani, ikashindikana. Wajesuiti wenyewe waliondolewa Ufilipino mwaka 1768 kwa amri ya mfalme wao, na waasi wakabaki milimani. Walilima, wakajenga vijiji, wakaoa na kuzaa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza angaliweza kuzeeka na kufa akiwa na vitukuu, asiwahi hata siku moja kumlipa Mhispania kodi.

Mwisho wake ulikuwa mwaka 1829, baada ya majeshi makubwa kupelekwa kisiwani mara kwa mara. Dagohoy alikuwa ameshafariki. Watu kama 19,000 walisamehewa, wakaruhusiwa kuteremka na kukaa katika vijiji vipya. Miji kama Batuan, Bilar, Balilihan na Catigbian ina asili hiyo. Leo kuna mji mmoja wa ndani uitwao Dagohoy, na katika wilaya ya Danao wageni huonyeshwa pango linalosemekana lilikuwa maficho yake.

Tangu kikombe cha Sikatuna hadi maiti ya Sagarino ni miaka 179. Kikombe kina sanamu, nishani na picha ya ikulu. Lakini kilichowafanya watu wahame nyumba zao kwa miaka 85 ni kaburi.

Huko ndani ya kisiwa ndiko iliko pia ile milima ambayo imeitangaza Bohol duniani kote. Huitwa Milima ya Chokoleti. Ni vilima vya chokaa vyenye umbo la chungu kilichofudikizwa, vimejipanga hadi macho yanapokomea. Vimehesabiwa kuwa 1,268 kwa uchache, na wengine hufikisha 1,776. Msimu wa mvua huwa kijani kibichi. Kiangazi nyasi zinapokauka, vilima vyote hugeuka rangi ya chokoleti, na hapo ndipo jina lilipotoka.

Wataalamu wanasema vilikuwa chini ya bahari zama za kale, vikainuka, na mvua ikavichonga. Wazee wa Bohol wana maelezo yao. Wanasema majitu mawili yaligombana, yakarushiana mawe na mchanga siku kadhaa, mpaka yakachoka. Baada ya hapo yakapatana, yakawa marafiki, yakaondoka zake pamoja. Lakini yalisahau kufagia uwanja. Vilima hivyo ndiyo masalio ya ugomvi wao.

Nilicheka niliposoma kisa hicho, kisha nikanyamaza. Ni wangapi kati yetu waliopatana na mtu, wakashikana mikono, lakini mawe waliyorushiana bado yako uwanjani, na watoto wanajikwaa kila siku?

Serikali iliitangaza milima hiyo kuwa hazina ya taifa mwaka 1988, na mwaka 2023 shirika la UNESCO likaitambua Bohol kwa ajili ya maumbile yake ya ardhi, mkoa wa kwanza nchini humo kupata heshima hiyo. Hata hivyo, mwaka 2024 zilisambaa picha za hoteli yenye mabwawa ya kuogelea iliyojengwa katikati ya vilima. Wananchi walipiga kelele, na ikaamriwa ifungwe.

Kwa watoto wanaosoma ukurasa huu, nina zawadi. Katika misitu ya Corella na Loboc anaishi mnyama aitwaye tarsia, mdogo kiasi cha kuenea kiganjani. Macho yake ni makubwa hata kila jicho moja linaushinda ubongo wake kwa ukubwa. Macho hayo hayawezi kuzunguka, kwa hiyo yeye huzungusha kichwa chote hadi akaona nyuma. Hutoka usiku kuwinda wadudu. Ukienda kumwona usipige kelele wala usimshike, kwani ni mnyama wa kufadhaika upesi, na fadhaa yaweza kumuua.

Na kwa akina mama, sikilizeni hili. Kando ya bahari katika mji wa Alburquerque kuna familia chache ambazo bado hutengeneza chumvi kwa njia ya kale. Huloweka makumbi ya nazi katika maji ya bahari kwa miezi, huyakausha na kuyachoma hadi yawe majivu. Majivu hayo huchujwa kwa maji ya bahari, kisha maji hayo makali huchemshwa katika vyungu vya udongo mpaka chumvi igande kama jiwe. Chungu hupasuka, na chumvi inabaki na umbo la yai. Ni kazi ya jasho, na vijana wengi hawaitaki.

Kuna na kiazi kikuu cha rangi ya zambarau, ambacho hukitukuza mno. Mtu wa Bohol akikiangusha kiazi hicho chini kwa bahati mbaya, hukiokota, akakibusu na kukiomba radhi. Wazee husema kiliwaokoa wakati wa njaa, mimea mingine yote ilipokufa. Kwa hiyo kinaheshimiwa kama mzazi. Tazama jinsi watu hawa wasivyosahau aliyewafaa siku ya dhiki!

Siku ya dhiki nyingine iliwajia tarehe 15 Oktoba 2013. Ilikuwa Idd-ul-Hajj, sikukuu ya kitaifa Ufilipino, na kwa rehema ya Mungu shule na ofisi zilikuwa zimefungwa. Saa mbili na dakika 12 asubuhi, ardhi ikatetemeka kwa nguvu ya 7.2. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kanisa kubwa la Loon likaporomoka lote likawa lundo la mawe. La Loboc likabomoka. Mnara na baraza ya mbele ya Baclayon vikaanguka. Hata mnara wa Punta Cruz, uliojengwa mwaka 1796 ili kuwaona mapema maharamia waliokuja kuteka watu, haukunusurika. Na pale Inabanga, mji ule ule wa Dagohoy, ardhi ilipasuka na kuinuka ikawa kama ukuta, mahali pengine ukimzidi mtu kimo.

Sasa tazama walivyofanya. Mawe ya makanisa hayakuzolewa yakatupwa. Yalikusanywa, yakachambuliwa, na yaliyofaa yakarudishwa mahali pake. Ilichukua miaka. Makanisa ya Loon na Loboc yalifunguliwa tena mwaka 2021. Hilo la Loboc lilikuwa limeshaponea chupuchupu mara moja: lilianzwa daraja ambalo, kama lingekamilika, lingelazimu kanisa lile livunjwe. Ujenzi ukasimamishwa, na daraja likabaki limening'inia juu ya mto miaka na miaka bila kufika popote.

Mwaka uo huo wa 2021, mwezi Desemba, kimbunga kilichoitwa Odette kikaipiga Bohol na kuua watu zaidi ya 100 mkoani humo. Umeme ulikatika kwa majuma mengi. Wakaanza tena.

Labda utaniuliza, makanisa hayo si ya wale wale walionyima kaburi? Mbona vitukuu vya waasi wanayajenga upya kwa jasho lao? Nami nakujibu kwamba mawe yale yalibebwa na babu zao. Ndani ya kuta zile ndimo walimobatizwa, wakaoana, wakasomewa sala za mwisho. Kile alichokitaka Dagohoy kwa nduguye, na akakinyimwa, wao sasa wanakilinda kwa ajili ya kila mtu.

Nenda Bohol mwezi wa Mei utawaona. Mwezi mzima ni sherehe za watakatifu wa miji na vijiji, leo hapa, kesho pale. Watoto waliotawanyika Manila na ng'ambo hurudi nyumbani, milango huwa wazi, na hata mgeni asiyejulikana hukaribishwa mezani. Mwezi wa Julai husherehekea Sandugo, kikombe kile cha mwaka 1565.

Sasa lifungue lile swali ulilolifunga kibindoni. Kikombe cha urafiki kila mtu hukishika kwa furaha. Legazpi alikishika, tena akanywa. Lakini undugu haukupimwa siku ile. Ulipimwa Inabanga, mtu alipokuja na maiti ya nduguye akiomba udongo tu, na jibu alilopewa liliwagharimu watoto wa pande zote mbili miaka 85.

Wewe nawe, msomaji wangu, yuko uliyemwita ndugu siku za raha. Akifiwa, wende. Huna kitu, wende mikono mitupu, ukashike jembe. Na kama kuna mawe mliyorushiana yamesalia uwanjani, haya, chukueni ufagio leo kabla jua halijatua.

Hadi Jumapili ijayo, nakuaga. Kwaheri ya kuonana.